Wanasema ukoo wa mchumba wangu "una kifua"

BARUA YA MSOMAJI

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha. Baba alifariki nikiwa bado sekondari, hivyo mambo ya ndoa yangu yako kwa mama na kwa shangazi, dada yake baba. Kusema kweli yako kwa shangazi. Mama ana kisukari, siku hizi hata macho yanamsumbua, na si mtu wa kubishana.

Mchumba wangu kwao ni Tukuyu, Rungwe, ila amekulia Mererani. Baba yake alikuja zamani kufuata tanzanaiti na hakurudi tena. Yeye mwenyewe alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa tanzanaiti, tangu alipomaliza darasa la saba. Baadaye akaacha, akaja mjini kujifunza kuchomelea, na ndivyo tulivyojuana, alipokuja kutengeneza geti la shule yetu. Ni mpole, pombe hanywi, ila sigara anavuta. Posa imepokelewa, mahari imelipwa nusu, na kamati ya harusi imeshaanza kuchangisha.

Mambo yaliharibika shangazi aliposikia kwamba kaka wa mchumba wangu, ambaye bado anachimba, anameza dawa za TB. Hakuishia hapo. Aliulizia kwa Wanyakyusa anaosali nao, akarudi na orodha: babu yao alikwenda na Wenela, wale waliokuwa wakichukua vibarua wa migodi, kuchimba dhahabu Afrika Kusini, akarudi na sanduku la bati na kikohozi, akafa. Baba yao kafia Mererani, kifua hicho hicho. Sasa kaka. "Ukoo ule una kifua," akaniambia mbele ya mama. "Wewe unataka utuzalie wajukuu wa kukohoa?"

Jumapili iliyofuata mchumba wangu alikuja kusalimia kama kawaida, akapewa chai. Alipoondoka, shangazi alikichukua kile kikombe kwa ncha za vidole akatoka nacho. Kesho yake nilikikuta bandani, kinatumika kuchotea mashudu ya kuku. Sikumwambia mchumba wangu, lakini nadhani aliona jinsi alivyokuwa akitazamwa.

Dada, mimi si mjinga, najua TB inatibika. Ila na mimi nimeanza kuogopa. Tulikwenda pamoja kumjulia hali kaka yake. Chumba ni kimoja, wanalala wanaume wanne, na dirisha wameliziba kwa maboksi kwa sababu ya vumbi na vibaka. Kaka alinionyesha kadi yake ya dawa, kila siku aliyomeza imetiwa alama. Yuko mwezi wa nne na amenenepa. Mchumba wangu hulala humo humo kila anapokwenda kumwona. Kaka alipogundulika, yeye naye alitoa makohozi, akaambiwa hana TB, basi kwake suala limekwisha. Mimi namwona amepungua, ingawa pengine ni mawazo yangu.

Kuna jambo jingine. Kazi ya kuchomelea imekuwa ngumu: umeme, mtaji, wateja wanaokopa. Anasema atarudi shimoni "msimu mmoja tu" apate ya harusi na ya kumalizia mahari, shangazi asipate pa kusemea. Nikimkataza ataona simwamini. Nikimwambia akapime tena, atajua ni maneno ya shangazi.

Shangazi anasema siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, aende akapimwe alete karatasi kwamba hana hiyo "damu ya TB", ndipo mahari imaliziwe. Rafiki yangu ananiambia nimpuuze shangazi nifunge ndoa. Mama ananitazama tu. Mchumba wangu ana dada watatu, wako Tukuyu kwenye chai na migomba, na sijasikia hata mmoja anayeumwa, lakini shangazi anasema ukoo ni wanaume.

Je, TB inarithiwa? Watoto wangu wataipata? Nifanyeje?

Niliyekwama, Arusha

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kubanwa pande zote.

Umemaliza barua kwa maswali matatu, lakini naona lipo la nne ambalo hukuliandika: unamwogopa mtu unayempenda, na unaona aibu kumwogopa. Hiyo aibu iweke chini. Umeingia kwenye chumba kisicho na hewa, umemwona mgonjwa, nyumbani unasikia maneno kila siku. Kuogopa hapo ni akili inafanya kazi yake. Ninachotaka tukitazame pamoja ni kama hofu yenyewe imeelekezwa panapostahili.

Tuanze na damu, maana hapo ndipo shangazi aliposimama. Usimwone mshamba. Kabla ya Robert Koch kutangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu cha TB, hata madaktari wengi wa Ulaya waliamini vivyo hivyo, kwamba kifua kikuu ni cha ukoo, kwa sababu walikiona kikimaliza nyumba moja na kuiacha ya jirani. TB huletwa na bakteria wanaosafiri hewani mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kuimba au hata kuzungumza. Mtoto hazaliwi nayo eti kwa sababu babu yake aliugua.

Hata hivyo nisikufiche, damu nayo ina neno lake. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa hao bakteria, na katika kila watu 100 walioambukizwa ni kama 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Waliobaki wanaishi na maambukizi yaliyolala, hawaumwi na hawamwambukizi mtu. Kwa nini huyu augue na yule asiugue? Huko Lübeck, Ujerumani, kati ya mwisho wa 1929 na 1930, watoto wachanga 251 walinyweshwa chanjo ya BCG ambayo kwa ajali ilikuwa imechanganyika na bakteria hai wa TB. Zaidi ya 70 walikufa. Wengi wa waliobaki waliugua wakapona, na wakati huo dawa ya TB ilikuwa bado haijapatikana. Kipimo walichonyweshwa hakikuwa sawa kwa wote, kwa hiyo si yote ya kupachika kwenye urithi, lakini tukio lile liliwafanya wataalamu waulize miili ile ilitofautiana nini. Baadaye wakachunguzwa mapacha, ikaonekana kwamba pacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua mara nyingi zaidi kuliko ilivyo kwa mapacha wasiofanana. Leo inajulikana kwamba jeni zinazohusika ni nyingi, na kwa watu walio wengi kila moja inachangia kidogo tu.

Na kwa sababu ni nyingi na kila moja ni kidogo, ile karatasi anayoitaka shangazi haipo. Hakuna hospitali inayoweza kumpima mtu vinasaba ikaandika "huyu hana damu ya TB". Kuna hitilafu chache sana za kurithi zinazomfanya mtoto ashindwe kabisa na bakteria wa jamii hii, hata BCG yenyewe ikamuumiza, lakini hizo kwa kawaida hujionyesha mapema utotoni, hazimsubiri mtu achimbe mawe ujana wake wote. Atakayewauzia kipimo hicho kwa ajili ya ndoa anawala hela.

Sasa nipe ile orodha ya shangazi tena. Babu, Wenela, dhahabu. Baba, Mererani, tanzanaiti. Kaka, Mererani, bado anachimba. Shangazi ameisoma kama orodha ya damu. Mimi naisoma kama orodha ya kazi. Vijana wa Mbeya na Rungwe walichukuliwa na Wenela kupelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini mpaka serikali ya Tanganyika ilipokata mpango ule baada ya uhuru. Kule chini mwamba ulipasuliwa, vumbi la silika likavutwa ndani, na usiku wakalala kwa wingi katika mabweni ya kampuni. Wengi walioumwa walirudishwa kwao na vifua vyao. Mwaka 2019 mahakama kuu ya Johannesburg iliridhia mapatano ya kuwalipa fidia wachimbaji wa dhahabu waliopata silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo, na TB, ila kwa waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Kwa hesabu ya barua yako babu huyo huenda alishatoka, na hata familia yake haikuachiwa kitu zaidi ya lile sanduku.

Vumbi la silika ni chembe ndogo kuliko unavyoweza kuona. Likifika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kummeza bakteria wa TB zinalimeza vumbi badala yake, zinakufa, na mapafu yanabaki na makovu. Mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari ya TB mara kadhaa kuliko mwenzake, na hatari hiyo inaendelea hata akishaacha kuchimba. Ongeza sigara, ambayo peke yake karibu inaizidisha hatari mara mbili. Ongeza wanaume wanne na dirisha la maboksi. Lile dirisha, mdogo wangu, linanitisha kuliko ukoo mzima.

Na wale dada watatu wa Tukuyu, shangazi anawaondoa kwenye hesabu kirahisi mno. Hao ni damu ile ile, baba yule yule, na hawakushuka shimoni. Sisemi kwamba wamethibitisha kitu, kwa sababu duniani kote wanaume huugua TB zaidi ya wanawake, na watu watatu hawatoshi kuthibitisha lolote. Lakini kama ni ukoo, basi na wao ni ukoo.

Hapa nikuulize jambo kwa upole, na usilipeleke kwa shangazi kama jiwe la kumpigia. Umeandika kwamba mama ana kisukari, ukapita. Kisukari cha ukubwani kinatembea kwenye familia, hilo linajulikana vizuri, na mwenye kisukari ana hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Kwa hiyo tukikaa kuchambua nani anapeleka udhaifu gani kwa wajukuu, hata upande wako una cha kuandika kwenye karatasi. VVU vinaongeza hatari ya TB mara nyingi zaidi, na utapiamlo nao unaiongeza mno. Huko Jharkhand, India, utafiti uliotolewa 2023 uliwapa chakula cha ziada watu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa wa TB, mchele, kunde na vidonge vya vitamini, na wagonjwa wapya katika nyumba hizo wakapungua kwa kama asilimia 40. Damu zao zilikuwa zile zile.

Kuhusu watoto, basi, watarithi kutoka kwenu nyote wawili kinga yenye nguvu hapa na unyonge pale, kama watoto wote. Watapata BCG wakizaliwa, ambayo huwakinga wadogo dhidi ya TB mbaya kama ile ya utando wa ubongo. Hatari yao kubwa itakuwa kuishi chumba kimoja na mtu mzima mwenye TB ya mapafu ambayo haijagundulika. Ndiyo maana kilichomo kifuani mwa baba yao leo kina uzito kuliko kilichomuua babu.

Na hapo ndipo nisingependa mridhike na lile neno "hana TB". Makohozi yakipimwa yasionyeshe kitu, maana yake siku ile hayakuonyesha kitu. Hayasemi kama ana maambukizi yaliyolala, wala hayasemi vumbi limefanya nini miaka yote ile. Mtu aliyechimba, anayevuta sigara, aliyelala na mgonjwa, na ambaye mchumba wake anamwona amepungua, anahitaji picha ya kifua na daktari atakayeulizwa waziwazi kuhusu silikosisi. Mkoa jirani, Siha, Kilimanjaro, ipo Kibong'oto, hospitali ambayo imekuwa ikishughulika na TB tangu enzi za mkoloni, na wachimbaji wa Mererani si wageni pale. Kama hana ugonjwa, aulize pia kama anastahili dawa za kinga. Zipo za kumeza kila siku kwa miezi, na zipo za mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kama anao, ni miezi 6 kwa TB ya kawaida, na dawa ni bure. Kaka yake amekuonyesha kadi, umeona mwenyewe jinsi mtu anavyorudi.

Utamwambiaje bila kumjeruhi? Hilo ndilo gumu, na huko mimi siko, wewe ndiye unayemjua. Njia moja ni kwenda wote wawili. Makanisa mengi huwataka wachumba wapime VVU kabla ya kutangazwa, basi siku hiyo hiyo wewe upime sukari na yeye apige picha ya kifua. Hapo anayepimwa si ukoo wake, ni nyinyi mnaoanza nyumba. Hatari yake ni kwamba akigundua umelipamba jambo ili limezeke, atahisi amezungukwa. Njia nyingine ni kumwambia kavu: nimeogopa tangu niliposimama mle chumbani kwa kaka yako, na hofu hii ni yangu, si ya shangazi. Anaweza kukasirika siku kadhaa. Anaweza pia kushusha pumzi, kwa sababu mwanamume aliyemzika baba yake kwa kifua sidhani kama analala bila kukiwaza.

Kikombe usimfiche milele, ila usimwambie wakati wa hasira. Na shangazi aelezwe kwamba TB haiambukizi kwa kikombe, sahani wala kupeana mikono. Kaka mwenyewe, baada ya miezi minne ya dawa anazozimeza sawasawa, akiwa na majibu mazuri ya makohozi, anaweza kuketi kwenye meza kuu ya harusi asimdhuru mtu.

Shimo sasa. Rafiki yako anakuambia fungeni ndoa tu, shangazi anakuambia vunja, na wote wawili wamelipita hili ambalo mimi naliona ndiyo kiini cha barua yako. Unajua malipo ya mwanaapolo yalivyo: mara nyingi anapata chakula na posho ndogo, na fungu lake linakuja mzigo ukitoka. Usipotoka, hakuna. Kwa hiyo "msimu mmoja" hauna tarehe ya kwisha na hauna kiasi. Muulize kwa utaratibu: usipotoka mzigo mpaka Desemba, utapanda juu? Sikiliza atakavyojibu. Kuchoronga kwa maji kunapunguza vumbi, na barakoa maalumu ya vumbi inasaidia ikikaa vizuri usoni, tofauti na kitambaa, lakini muulize pia kama shimo analolifikiria lina hata kimoja. Kama mapafu yameshaguswa, daktari huenda akamwambia asirudi kabisa, na ni afadhali maneno hayo yatoke kwa daktari kuliko kwako.

Mnaweza kuisogeza harusi mbele. Itawagharimu maneno ya watu, na waliokwisha kuchangia watataka maelezo. Mnaweza kuipunguza: ndoa kanisani, chakula nyumbani, sendofu isiwepo. Shangazi atanung'unika, lakini atanung'unikia ukumbi badala ya damu, na huo ni mzozo mwepesi zaidi. Mnaweza kuomba mahari iliyobaki ilipwe kidogo kidogo baada ya ndoa, ingawa yeye anaweza kuona mmemdhalilisha. Unaweza pia kumwacha aende, mkubaliane tarehe na vipimo kabla na baada, ukijua kwamba makubaliano ya shimoni huvunjwa na jiwe moja la bluu. Na unaweza, mdogo wangu, kuona kwamba huwezi kuishi na mume anayeshuka chini kila fedha inapokwama. Ukifika hapo, hiyo itakuwa sababu yako mwenyewe, na hutahitaji kuazima ya shangazi. Sikusukumi huko. Nasema tu mlango huo upo na si dhambi kuutazama.

Kwa shangazi usiende mwenyewe na hoja za barua hii mkononi, utaonekana umefundishwa. Mtafute baba mdogo au mshenga, mtu anayemsikiliza, na aende vipimo vikishatoka, si kabla. Nadhani chini ya ukali wake kuna mtu aliyemzika kaka yake na hataki kukuona wewe ukimzika mume mapema. Mshenga akianzia hapo, huenda akapewa kiti.

Na siku mtakayokwenda hospitali mchukueni mama. Hukuandika kama anakohoa. Sukari yake ipimwe, macho yatazamwe, na kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi asikae nacho kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Majibu yakitoka niandikie tena, yawe mazuri au mabaya.